Vita dhidi ya kupe ni vya kijiji kizima, si vya mwenye boma mmoja

KUPE habagui. Humpanda mbwa anayelinda jumba la kifahari mtaani Karen, na humpanda ng'ombe wa pekee wa mjane anayetegemea lita chache za maziwa kulipa karo ya watoto. Kwake damu ni damu. Ndiyo maana swali linaloulizwa na wakazi wa maboma yaliyopakana na misitu, la jinsi ya kumkabili kupe bila kumwaga sumu kila wiki, halifai kupuuzwa kana kwamba ni anasa ya matajiri wapendao mbwa. Jibu lake linamhusu kila mfugaji nchini.

Maboma ya aina hiyo ni mengi. Yapo Karen na Lang'ata, pembezoni mwa jiji la Nairobi. Yapo Ngong, Limuru na Kikuyu, na kote ambako miti mikubwa, ua wa michongoma na vichaka vinapakana na nyumba za watu. Humo hufugwa mbwa wawili watatu, paka, kuku wa kienyeji, na mara nyingi ng'ombe mmoja au wawili wa gredi. Usiku, pongo na funo hutoka msituni kula majani uani. Wanyama hao wa porini huacha nyuma yao kupe wanaosubiri mgeni mwingine.

Hoja inayotetewa na wengi ni kwamba maumbile yana dawa yake: kuku watawadonoa kupe, mwarobaini utawafukuza, na jua litawakausha. Hoja hiyo ina ukweli mwingi. Hata hivyo, ina mitego miwili. Mtego wa kwanza ni kudhani kwamba kila kilicho cha kiasili ni salama. Wa pili ni kudhani kwamba boma moja linaweza kujikomboa peke yake.

Adui aishiye chini

Ili kuelewa kwa nini mbinu fulani hufaulu na nyingine hushindwa, ni muhimu kwanza kuyajua maisha ya kupe. Kiumbe huyu ni jamaa ya buibui na nge. Akitoka kwenye yai huwa na miguu sita. Akishakula mara ya kwanza na kujibadilisha ngozi, hupata miguu minane. Haruki wala hapai. Hupanda kwenye ncha ya jani, hunyoosha miguu ya mbele na kungoja mnyama apite.

Kupe wa kahawia wa masikio, ambaye ndiye anayewatia hofu kubwa wafugaji wa ng'ombe, huhitaji wanyama watatu katika maisha yake. Kila mara hunyonya kwa siku kadhaa, hushiba, kisha huanguka chini. Jike aliyeshiba hutaga maelfu ya mayai mchangani na kufa. Kwa hivyo sehemu kubwa ya maisha ya kupe haipiti juu ya mnyama, bali chini ya majani makavu, kwenye nyasi ndefu na katika nyufa. Anayemwogesha mnyama pekee anapigana na sehemu ndogo tu ya jeshi.

Udhaifu wa kupe uko papo hapo. Akiwa chini, adui wake mkuu ni ukavu. Bila unyevu, mwili wake hukauka na kufa. Kivuli na majani yaliyooza ndivyo humpa hifadhi, na hii ndiyo sababu boma lenye miti mingi huwa na kupe wengi kuliko uwanja ulio wazi.

Madhara yake si mwasho tu. Kupe wa kahawia wa masikio hueneza vimelea viitwavyo Theileria parva, vinavyosababisha ndigana kali, maradhi ambayo Wamaasai huyaita oltikana. Ng'ombe hupandwa na homa, tezi zake huvimba, hupumua kwa shida, na asipotibiwa mapema hufa. Ng'ombe wa kienyeji wanaozaliwa katika maeneo yenye ugonjwa huo huwa na ustahimilivu fulani, lakini ng'ombe wa gredi huangamia haraka. Kwa mbwa, kupe huleta maradhi ambayo wenye mbwa huyajumuisha kwa jina moja la homa ya kupe: damu hupungua, ufizi hugeuka mweupe na mnyama hukataa kula. Binadamu naye hasazwi, kwa kuwa kuna homa zinazoenezwa na kupe wa mbwa na wa ng'ombe.

Majosho yalivyokauka

Kuna wakati ambapo suala hili lilikuwa la umma. Ndigana kali ilipovuka kutoka Afrika Mashariki hadi kusini mwa bara mapema katika karne ya 20, kupitia ng'ombe walionunuliwa kufidia mifugo iliyoangamia kwa sotoka na vita, ilizua maafa makubwa. Serikali za kikoloni zilijibu kwa majosho. Nchini Kenya, sheria iliyotungwa wakati wa ukoloni iliipa serikali uwezo wa kulazimisha ng'ombe waogeshwe, na baada ya uhuru majosho yalienea katika vijiji vingi. Kila wiki, kwa siku maalumu, mifugo yote ya kijiji ilipita kwenye dawa ile ile iliyopimwa na afisa wa mifugo.

Utaratibu huo ulianza kuporomoka serikali ilipolazimika kupunguza matumizi chini ya mipango ya marekebisho ya kiuchumi, na katika miaka ya 1990 majosho mengi yalikabidhiwa kamati za wenyeji. Baadhi ya kamati zilijitahidi. Nyingine zilikosa fedha za dawa na maji, na mashimo yakabaki yamejaa majani makavu. Mfugaji akaachwa na bomba la mgongoni, chupa ya dawa kutoka duka la pembejeo, na akili yake mwenyewe.

Matokeo yanafahamika. Dawa ni ghali, kwa hivyo huchanganywa na maji mengi kuliko inavyoelekezwa. Kupe wanaonusurika dozi hafifu ndio huzaa kizazi kinachofuata. Kupe wa buluu ni hatari zaidi kwa njia hii, kwa sababu humaliza hatua zake zote juu ya ng'ombe mmoja, na hivyo kila kizazi hukutana na dawa ile ile. Usugu dhidi ya dawa umethibitishwa nchini Uganda na hapa Kenya. Mfugaji anayeona dawa haifanyi kazi huongeza nguvu, hubadilisha bila mpangilio, au hunyunyizia mifugo dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya mimea. Sumu hiyo huishia kwenye maziwa, mikononi mwa watoto na mtoni.

Basi kuzitafuta njia za kiasili si ushabiki wa kisasa. Ni jaribio la kutoka katika kona ambayo sera mbovu iliwasukuma watu.

Fyekeo kabla ya chupa

Mbinu iliyo rahisi kuliko zote haiuzwi dukani. Nyasi zinazozunguka nyumba zikifyekwa fupi, majani makavu yakaokotwa na matawi ya chini ya miti yakapunguzwa ili jua lifike ardhini, kupe hupoteza hifadhi. Si lazima msitu ukatwe. Kinachohitajika ni kuweka mpaka. Ukanda wa changarawe au vipande vya mbao vikavu, wenye upana wa takriban mita moja kati ya kichaka na uwanja, huwa kizuizi ambacho kupe huona shida kukivuka. Kibanda cha mbwa, uwanja wa kuchezea watoto na mahali pa kuanikia nguo huwekwa upande wa jua.

Panya nao huchangia, kwa kuwa baadhi ya kupe wachanga hula kwao. Marundo ya kuni na takataka kando ya nyumba ni kambi ya panya. Yakiondolewa, kupe hukosa meza ya kwanza.

Mfugaji wa ng'ombe ana silaha nyingine: malisho ya zamu. Kipande cha malisho kikipumzishwa kwa muda mrefu, baadhi ya kupe hufa njaa. Hata hivyo, kupe wakubwa wanaweza kukaa miezi mingi bila kula, na shamba la robo ekari halitoi nafasi ya kungoja hivyo. Wanaofugia ng'ombe zizini hujiona salama, lakini nyasi zinazokatwa kando ya barabara, ambako mifugo mingine hupita, huingiza kupe hadi horini.

Kuku, kanga na askari wa kifaru

Kuku wa kienyeji ameshuhudiwa na sayansi. Watafiti waliofanya kazi katika kisiwa cha Rusinga, Ziwa Victoria, waliwaachilia kuku kati ya ng'ombe wenye kupe kisha wakachunguza matumbo yao. Walikuta makumi ya kupe, na katika kuku wengine mamia, waliomezwa kwa muda mfupi. Utafiti huo, uliochapishwa mwaka 1991, uliwapa heshima ndege ambao akina mama wa vijijini walikuwa wakiwaachilia zizini tangu jadi. Faida yake huwa kubwa zaidi ng'ombe wanapokuwa wamelala au wametulia asubuhi, kabla ya dawa yoyote kunyunyizwa. Kuku akila kupe waliojaa sumu, sumu hiyo huingia katika chakula cha familia.

Kanga husifiwa hata zaidi, hasa nchini Marekani, ambako watu hununua ndege hawa wenye asili ya Afrika ili wasafishe bustani. Utafiti uliofanywa huko na kuchapishwa mwaka 1992 ulionyesha kwamba kanga hupunguza kupe wakubwa kwenye nyasi fupi. Lakini kupe wachanga, walio wadogo sana na ambao hujificha kwenye majani ya msituni, huwaponyoka. Isitoshe, hapa Kenya kanga ni mnyamapori, na anayetaka kumfuga hana budi kupata kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS.

Yupo pia ndege aitwaye askari wa kifaru, anayedandia migongo ya nyati, twiga na ng'ombe akidonoa kupe. Historia yake ni funzo. Dawa kali za majosho, kuanzia aseniki, zilimuua pamoja na kupe aliowala, na akatoweka katika sehemu nyingi za wafugaji. Binadamu alimfukuza mfanyakazi asiyelipwa, kisha akaenda dukani kununua huduma ile ile.

Si kila cha kiasili ni salama

Mimea ina nafasi yake. Pareto, maua ambayo wakati mmoja Kenya iliyauzia dunia kwa wingi kuliko nchi nyingine yoyote, ndiyo chanzo cha kundi zima la dawa za wadudu zinazotengenezwa viwandani leo. Ni kinaya kwamba wakulima wa Molo na Kinangop waliing'oa pareto sekta hiyo ilipoporomoka kwa malipo yaliyocheleweshwa, ilhali wafugaji jirani zao wananunua dawa za bei ghali zilizoigwa kutokana nayo. Nyasi ya molasi, yenye utomvu na harufu kali, inajulikana kuwafukuza kupe. Mafuta ya mwarobaini hupunguza ulaji na utagaji wa mayai, ingawa nguvu zake hutofautiana kulingana na jinsi yalivyokamuliwa na hupungua haraka juani.

Wanasayansi wa kituo cha icipe, kilichoanzishwa mwaka 1970 chini ya uongozi wa Profesa Thomas Odhiambo, wamechunguza pia kuvu aitwaye Metarhizium, anayeishi udongoni na kumwua kupe kwa kupenya ganda lake. Kuvu huyo ana uwezo wa kuua hata kupe waliozoea dawa.

Pamoja na hayo, tahadhari ni lazima. Unga wa diatomaiti, madini yanayochimbwa Kariandusi karibu na Gilgil, hukwangua nta inayomkinga mdudu asikauke. Lakini unga huo ukilowa hauna kazi, ukivutwa puani huumiza mapafu, na haumbagui nyuki na kupe. Kitunguu saumu, ambacho baadhi ya watu huwalisha mbwa kwa imani kwamba harufu itawafukuza kupe, huharibu chembe nyekundu za damu, na paka huathirika zaidi. Kuna hata wanaompaka mbwa oili chafu ya gari. Hiyo si dawa ya jadi. Ni sumu inayopenya ngozi na kulambwa.

Paka anastahili kutajwa peke yake. Dawa yenye pamethrini, ambayo mbwa huivumilia, inaweza kumwua paka kwa kuwa ini lake haliwezi kuivunja. Nyumba yenye mbwa na paka wanaolala pamoja inapaswa kumuuliza daktari wa mifugo kabla ya kufungua chupa yoyote, iwe imeandikwa "asilia" au la.

Kwa mbwa, tiba ya kiasili iliyo bora ni mikono na macho. Kila jioni akirudi kutoka kichakani akaguliwe masikioni, shingoni, kwapani na katikati ya vidole. Kupe ashikwe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, avutwe moja kwa moja bila kupindwa, kisha azamishwe kwenye spiriti. Asichomwe kwa njiti ya kiberiti wala kupakwa mafuta ya taa, kwani akisumbuliwa hivyo anaweza kutapika vimelea ndani ya jeraha. Ukaguzi una faida kubwa kwa ng'ombe pia, kwa sababu vimelea vya ndigana kali huchukua siku kadhaa kukomaa ndani ya kupe anayenyonya. Baadhi ya maradhi ya mbwa, hata hivyo, huambukizwa kwa saa chache tu, na kupe wa kahawia wa mbwa anaweza kukamilisha maisha yake yote ndani ya nyumba, kwenye nyufa za ukuta na chini ya zulia. Ikifikia hapo, kung'ang'ania mbinu za kiasili pekee ni kumtesa mnyama. Dawa iliyoidhinishwa, kwa kipimo sahihi, ni huruma.

Funzo la Laikipia

Ushahidi mzito zaidi kwamba maumbile na dawa vinaweza kushirikiana unatoka Laikipia. Utafiti ulioongozwa na Felicia Keesing na kuchapishwa mwaka 2018 ulilinganisha ardhi zenye wanyamapori pekee na zile ambazo ng'ombe na wanyamapori hulisha pamoja. Kupe walikuwa wachache zaidi pale ambapo ng'ombe waliotiwa dawa walichanganyika na wanyamapori. Sababu ni kwamba ng'ombe hao waligeuka mtego unaotembea: kupe waliwapanda wakitafuta damu, wakafa. Dawa haikumwagwa mwituni. Iliwekwa mahali pamoja, nao kupe wakaifuata.

Mantiki hiyo inaweza kutumika kwenye maboma ya pembezoni mwa misitu. Uwanja usafishwe, kuku waachiliwe, mbwa wakaguliwe, na dawa iwekwe kwa kipimo juu ya wanyama wachache wanaoingia kichakani, badala ya kunyunyiziwa ovyo kwenye nyasi na kuua nyuki, vipepeo na siafu ambao wenyewe hula kupe.

Lakini mtego mmoja hautoshi iwapo jirani anafuga kupe. Mbwa wasio na wenyewe huzurura kutoka boma hadi boma. Ng'ombe wa huyu hulisha kando ya ua wa yule. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Hakivunji kupe pia.

Hata kinga bora iliyopo inadai umoja. Chanjo ya ndigana kali ilibuniwa Muguga, Kikuyu, katika miaka ya 1970: ng'ombe hupewa vimelea hai pamoja na dawa ya kuvidhibiti, na kinga anayopata huweza kudumu maishani. Wafugaji wa Kimaasai kaskazini mwa Tanzania wameichangamkia kwa wingi. Mkulima mwenye ng'ombe wawili huko huko Kikuyu, hata hivyo, hukutana na kikwazo. Chanjo hiyo huhifadhiwa kwenye naitrojeni ya maji, hufungwa kwa dozi nyingi pamoja, na ikishafunguliwa lazima itumike kwa saa chache. Asipoungana na majirani, hawezi kuipata kwa bei anayoimudu. Tena haizuii maradhi mengine ya kupe, na palipo na nyati huweza kushindwa na aina za vimelea wanazobeba.

Hapa ndipo serikali za kaunti zinapoingia. Katiba ya 2010, katika Ratiba ya Nne, ilizikabidhi kaunti udhibiti wa magonjwa ya mifugo pamoja na utoaji wa leseni za mbwa. Majukumu hayo mawili huchukuliwa kuwa hayahusiani, ilhali kupe anayaunganisha. Kaunti inayokusanya ada ya leseni ya mbwa inaweza kuambatanisha leseni hiyo na ukaguzi wa kupe. Kaunti yenye maafisa wa nyanjani inaweza kupanga siku za chanjo kwa vijiji, ikafufua majosho yanayoweza kufufuliwa, na ikawashauri wafugaji ni kundi gani la dawa litumike msimu huu ili usugu usienee. Hayo si makubwa kuliko yaliyowahi kufanywa nchini humu na maafisa waliozunguka kwa baiskeli.

Njia za kiasili zinastahili kupigiwa debe, kwa kuwa hupunguza sumu na hugharimu jasho zaidi ya fedha. Zisigeuzwe tu kisingizio cha serikali kuendelea kukaa kando. Mjane mwenye ng'ombe mmoja anaweza kufyeka nyasi zake zote na kuwaachilia kuku wake wote. Bila josho la kijiji na siku ya chanjo iliyopangwa, kupe wa jirani watamfikia kabla ya msimu kwisha.